Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: mkitunyima ruhusa ya masomo, tunyimeni kwa maandishi

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Dodoma.

YAH: WATUMISHI WANAOOMBA RUHUSA YA MASOMO WAJIBIWE KWA MAANDISHI NA KWA SABABU

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi katika kituo cha afya cha halmashauri mojawapo ya wilaya nchini. Niliajiriwa kwa stashahada, nimethibitishwa kazini, na jalada langu halina hata barua ya onyo. Nimeomba ruhusa ya kwenda kusoma shahada ya ukunga. Nafasi ya chuo niliipata kwa ufaulu wangu, na ada tulishaipanga mimi na mume wangu. Kwa mwajiri niliomba ruhusa tu. Mpaka naandika barua hii sijakubaliwa na sijakataliwa, na kwa kuwa sijakataliwa, sheria haina mahali pa kunipokea.

Nimeandika, nimekumbusha, nimepita kwa viongozi wangu wa kazi, nimepita kwa chama cha wafanyakazi, nimefika mpaka mahakamani. Nikikuandikia hadharani leo, ujue njia za ndani nilianza nazo. Sitaji halmashauri yangu wala jina la mtu. Mtumishi wa umma ana mipaka ya kusema, naiheshimu. Tena mkurugenzi wangu akihamishwa kesho, tatizo hili litabaki palepale likimsubiri anayekuja. Hakuna siri ya ofisi katika haya ninayoeleza. Ni barua yangu mwenyewe na yaliyoipata.

1. Barua ilipokelewa, haikujibiwa

Nilifuata ngazi zote. Barua niliiandika kwa Mkurugenzi Mtendaji, kupitia kwa Mganga Mfawidhi wa kituo na Mganga Mkuu wa Wilaya. Wote wawili waliipitisha kwa maoni mazuri. Niliambatisha barua ya udahili, vyeti, barua ya kuajiriwa na ya kuthibitishwa kazini. Masijala waligonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, nikarudi kituoni kuendelea na kazi.

Nilipofuatilia baadaye, karani wa masijala alilifungua jalada mbele yangu. Barua yangu ilikuwa folio ya mwisho, yaani karatasi ya mwisho yenye namba katika jalada. Pembeni yake, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na dokezo fupi: "Afisa Utumishi, tujadili." Chini ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe. Haikuonekana tarehe ya mjadala, wala aliyejadili, wala lililoamuliwa.

Majibu ya mdomo yalikuwa mengi, na kila mlango ulikuwa na lake. Huyu aliniambia ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa, haitoshi. Yule akasema simo kwenye mpango wa mafunzo. Mwingine alinishauri nisubiri bajeti mpya. Mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniambia nisiandike tena maana "unajichafulia jalada." Nilipoomba yeyote kati yao aniandikie hayo aliyoyasema, hakuna aliyekubali.

Chuo kilinisogezea nafasi kwenda mwaka uliofuata. Nao ulipofika nikiwa sina kibali, nafasi ilikwenda kwa mwingine.

2. Sheria inamtaka mtumishi awe na uamuzi mkononi

Hapa naomba unisomee kwa utulivu, Mheshimiwa, kwa sababu ndipo kiini cha barua hii kilipo.

Wakili niliyemwendea aliniuliza jambo moja kabla ya mengine yote: "Uamuzi uko wapi?" Nikampa nakala yenye muhuri. Akasema hiyo ni barua yako wewe, nataka ya kwao.

Sisi watumishi wa umma hatuwezi kuanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama wafanyakazi wa sekta binafsi. Kifungu cha 32A kilichoingizwa mwaka 2016 katika Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kinatutaka tumalize kwanza nafuu zote, yaani njia za kudai haki, zilizomo ndani ya sheria hiyo ndipo tuziendee nafuu za sheria za kazi. Mahakama ya Rufani nayo, mwaka 2022 katika shauri la Shirika la Posta, ilishasema kwamba tume hiyo haina mamlaka juu ya migogoro ya watumishi wa umma. Hata ningefika huko, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inataja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi na ya msiba. Likizo ya masomo haimo.

Inabaki njia ya Tume ya Utumishi wa Umma. Rufaa huko hukatwa ndani ya siku 45 tangu mtumishi apokee uamuzi anaoupinga. Mimi sikupokea uamuzi, kwa hiyo siku zangu 45 hazijaanza kuhesabiwa, na hazitaanza mpaka mtu fulani aamue kuandika. Kupeleka malalamiko naweza, na nakala ya barua hii inakwenda kwao. Ila malalamiko ni kuiomba ofisi moja iiulize ofisi nyingine. Rufaa ni haki inayosikilizwa na kuamuliwa.

Nikaenda Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio, kuomba amri ya kumtaka mwajiri atimize wajibu wake wa kunijibu. Njia hiyo ina hatua mbili: kwanza unaomba kibali cha kufungua maombi, ukikipata ndipo unafungua maombi yenyewe. Kanuni za mwaka 2014 zinataka kibali kiombwe ndani ya miezi sita tangu kitendo au uamuzi unaolalamikiwa. Mawakili wa Serikali wakaweka pingamizi la awali: kwanza, hakuna uamuzi, hivyo haijulikani miezi sita inahesabiwa kuanzia lini. Pili, sijamaliza njia za ndani ya utumishi. Pingamizi likakubaliwa, shauri likaondolewa mahakamani. Sina ugomvi na Jaji, aliamua kwa sheria iliyo mbele yake. Mawakili wa Serikali nao walifanya kazi yao. Lakini tazama, Mheshimiwa: Mahakama inanirudisha nikamalize njia za ndani, njia za ndani zinaniuliza uamuzi uko wapi, na wa kuutoa uamuzi huo ni yuleyule aliyenyamaza. Mdaiwa ndiye anayeshika funguo za mahakama.

Wakili alimwandikia mwajiri kuomba uamuzi wowote ule, hata wa kukataa. Barua hiyo nayo ilipokelewa kwa muhuri.

Zitazame siku zilivyowekwa. Nikikosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa, adhabu yake yaweza kuwa kufukuzwa. Nikitaka kukata rufaa, nina siku 45. Nikienda kwenye mapitio, nina miezi sita. Nikitaka kuifungulia halmashauri kesi ya madai, natoa kwanza notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku zote hizi ni zangu mimi kuzihesabu. Barua yangu ilipolala kwenye jalada, hakuna siku iliyofika ambapo mtu aliulizwa kwa nini hajaijibu.

Wapo waliochoka kusubiri. Mwenzetu wa maabara alikwenda chuo bila kibali, akiamini kimya ni ridhaa. Aliandikiwa mashtaka ya utoro, na leo hayumo kwenye utumishi. Kumfukuza, barua zilipatikana haraka, zenye kumbukumbu namba, tarehe na vifungu vya kanuni. Kwa hiyo uwezo wa ofisi kuandika barua upo.

3. Katiba inasema nini

Ibara ya 11(2) ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na kila raia atakuwa huru kutafuta elimu katika fani anayopenda hadi kufikia upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake. Najua ibara hiyo imo katika sehemu ambayo, kwa Ibara ya 7(2), mahakama haiwezi kuitilia nguvu. Wakili alinionyesha kabla sijajipa matumaini. Lakini Ibara ya 7 hiyohiyo inaiwajibisha Serikali na vyombo vyake vyote kuyazingatia masharti ya sehemu hiyo na kuyatekeleza. Kwamba siwezi kukushtaki kwa ibara hiyo hakukuondolei wewe wajibu wa kuifuata, Mheshimiwa, na ninaamini unalifahamu hilo kuliko mimi.

Ibara ya 13(6)(a) inatekelezeka mahakamani. Inampa mtu ambaye haki zake zinahitaji uamuzi wa chombo fulani nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani dhidi ya uamuzi huo. Asiyepewa uamuzi ananyang'anywa na rufani yake. Zaidi ya hayo, Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoridhia Mkataba Na. 140 wa mwaka 1974 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu likizo ya masomo yenye malipo. Mimi hata malipo sikuyang'ang'ania.

Sisemi kila anayeomba ruhusa apewe. Kituo hakiwezi kufungwa kwa sababu wauguzi wote wamekwenda darasani. Ruhusa hutolewa kwa kuangalia mahitaji ya kazi, na mwajiri ana haki ya kusema hapana. Aiseme hapana hiyo kwa maandishi, na aseme kwa nini.

4. Sababu ninazotarajia kuzisikia

Ya kwanza ni uhaba wa watumishi, nami sitaibeza, kwa sababu ninaiishi. Zamu ya usiku mara nyingi nakuwa peke yangu wodi ya wazazi. Usiku mmoja mama alijifungua salama, kondo likatoka, mara damu ikaanza kumwagika. Mkono mmoja ulikuwa tumboni kwake nikisugua mfuko wa uzazi ukaze, wa pili unahangaika na dripu ya oksitosini, na simu nimeibana begani nikimwita daktari. Kitanda cha pili kulikuwa na mama mwingine anayesukuma. Mhudumu wa usafi ndiye aliyenishikia tochi. Wote walipona. Asubuhi nilibaki najiuliza ni nini kingine ningepaswa kufanya kama mfuko usingekaza, na jibu lake liko kwenye masomo ninayoyaomba.

Nchi yetu imefika mbali katika hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya wajawazito vimeshuka mpaka 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wakunga wana mkono wao katika kazi hiyo, na wakunga hao walisoma, na mtu fulani aliwapa ruhusa. Uhaba ukiwa ndiyo sababu ya kuninyima, naomba iandikwe hivi: mwaka huu haiwezekani kwa sababu kituo kina wauguzi kadhaa na kinahitaji kadhaa. Utafikiriwa mwaka fulani, na wewe ni wa ngapi kwenye foleni. Mtumishi akiambiwa hivyo anaweza kupanga maisha yake. Anaweza kuongea na chuo, akapanga hata uzazi wake, maana wengi wetu ni wanawake na miaka haisimami.

Ya pili ni bajeti. Kwangu sababu hiyo ni nyepesi. Ada najilipia. Katika barua ya pili nilieleza kwamba kama mshahara ndio kikwazo, niko tayari ofisi ifikirie hata likizo bila malipo. Hilo nalo halikujibiwa.

Ya tatu ni mpango wa mafunzo. Nakubali kwamba mwajiri anapaswa kuwa na mpango unaotokana na mahitaji ya kazi, na kwamba ruhusa hufuata mpango huo. Basi tuuone. Katika kituo chetu haujawahi kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wala kusomwa kwenye kikao cha watumishi. Niliuomba kwa maandishi nikitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Siku hizo zilipita. Mtumishi atajuaje kwamba hayumo kwenye orodha asiyoruhusiwa kuiona, na ataombaje kuingizwa? Hata kitabu cha Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, ambacho ndicho kinatuongoza kuanzia likizo mpaka mazishi, wengi wetu tunakiona kabatini kwa afisa utumishi, tena kimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria.

Ya nne, kwamba nisome Chuo Kikuu Huria huku nikifanya kazi. Walimu wengi wamefanya hivyo na ninawapongeza. Ukunga hausomwi hivyo. Sehemu kubwa ya mafunzo ni mazoezi ya wodini chini ya msimamizi, kwa saa zinazohesabiwa na kusainiwa.

Ya tano, kwamba wakisoma hawarudi. Nileteeni mkataba wa kulitumikia taifa kwa miaka mtakayoipanga baada ya masomo, nitausaini leo.

5. Ninachoomba

Mheshimiwa Waziri, haya hayahitaji sheria mpya wala fungu jipya la fedha. Yanahitaji waraka kutoka ofisini kwako kwenda kwa waajiri wote, wenye haya:

(a) Kila ombi la ruhusa ya masomo lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu muhuri wa masijala ulipogongwa. Likikataliwa, sababu ziandikwe, na barua imweleze mtumishi anaweza kukata rufaa wapi na ndani ya muda gani.

(b) Siku hizo zikipita bila jibu, ombi lihesabiwe kuwa limekataliwa, ili mtumishi awe na tarehe ya kuanzia rufaa yake. Hili naliomba kuliko yote. Likitekelezwa hili peke yake na mengine yakaachwa, bado mtakuwa mmetutoa gizani. Atakayenyimwa atakuwa na pa kwenda, na mwajiri atajua kwamba kukaa kimya nako kutaulizwa.

(c) Mpango wa mafunzo wa kila mwajiri ubandikwe mahali watumishi wanapouona, pamoja na foleni ya waombaji na vigezo vilivyotumika kuipanga.

(d) Mtumishi anayejisomesha asikataliwe kwa sababu ya bajeti kabla ofisi haijamjibu kwa maandishi kuhusu likizo bila malipo.

(e) Kuomba ruhusa, kukumbushia au kwenda mahakamani kusiwe sababu ya uhamisho wa ghafla wala ya kupunguziwa alama za utendaji. Nalisema hili kwa niaba ya wenzangu walioniomba nisiwataje, ambao barua zao zimelala kama yangu na wanaogopa kuziulizia.

(f) Ombi langu lijibiwe. Ofisi yako inaweza kunipata kupitia chama changu cha wafanyakazi, ambacho kina nakala ya barua zote zenye mihuri pamoja na amri ya Mahakama. Dirisha la udahili la mwaka ujao wa masomo likifunguliwa nitaomba tena chuo, nikishinda nitaandika tena kwa mwajiri kwa kupitia ngazi zilezile. Nikikataliwa kwa maandishi, nitakata rufaa ndani ya siku 45.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa Muuguzi Msaidizi
Wodi ya Wazazi

Nakala kwa:
Katibu Mkuu, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa)
Katibu, Tume ya Utumishi wa Umma
Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yangu (aambatishe kwenye jalada langu, baada ya folio ya mwisho)